Askari wa Dawati la Jinsia: kumsimamia mhanga tangu kaunta hadi rufaa

Kesi ya ubakaji ikianguka mahakamani, lawama humwendea hakimu. Lakini ukilifungua jalada ukalisoma kwa utulivu, mara nyingi utakuta kesi ilikwishapoteza nguvu miezi mingi nyuma, ndani ya saa chache za mwanzo: nguo za mtoto zilifuliwa, maelezo yaliandikwa haraka haraka, tarehe ya tukio ilikisiwa, na mama aliondoka kituoni bila namba ya mtu wa kumpigia. Anayeweza kuyazuia haya yote ni askari mmoja mwenye kalamu, aliyeketi kwenye chumba chenye kibao cha Dawati la Jinsia na Watoto. Namwandikia huyo, na kijana anayetaka kuifanya kazi hiyo kuwa maisha yake ndani ya Jeshi la Polisi. Kwangu mimi, hakuna kazi ya upolisi inayostahili heshima zaidi na inayopewa kidogo.

Madawati haya yalianza Tanzania zama za Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema, nyuma yake ukiwapo Mtandao wa Polisi Wanawake, TPF-Net, ulioanzishwa mwaka 2007. Leo yako zaidi ya 400 nchi nzima. Yasichanganywe na madawati ya jinsia ya vyuoni. Hayo hupokea malalamiko, lakini hayafungui jalada la jinai. Na upande wa Zanzibar una sheria zake za jinai, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa ni ya Bara.

Hakuna anayeajiriwa moja kwa moja kuwa askari wa Dawati. Unaingia kama wenzako, unapita Shule ya Polisi Moshi, unapangiwa doria, lindo na kaunta, kisha ukibahatika unapelekwa kozi ya upelelezi na mafunzo ya Dawati lenyewe. Vijana wengi huona miaka ya kaunta ni ya kupoteza. Sikubaliani nao. Kaunta ndipo unapojifunza namna mtu mwenye aibu anavyozungumza: anaanza na simu iliyopotea, anahamia kwenye ugomvi wa jirani, na lile lililomleta analisema akiwa amesimama kuondoka. Askari asiyewahi kukaa kaunta atamkatisha katikati ya habari ya simu.

Kosa la kwanza hufanyika hapo hapo. Mlalamikaji anaulizwa kwa sauti, mbele ya waliokuja kuwawekea ndugu zao dhamana, "Umekuja kwa tatizo gani?" Anajibu kwamba amepigwa. Askari anaandika shambulio, anatoa RB, yaani namba ya taarifa iliyofunguliwa kituoni, ya shambulio, na baadaye wakili wa utetezi anauliza kwa nini siku ya kwanza hapakuwa na neno ubakaji. Dawa yake ni ndogo: wa kaunta asiulize undani. Akiona mwanamke aliyefika na mtoto, au mtu anayeangalia chini, amwambie tu, "Karibu, ngoja nikupeleke kwa mwenzangu," na RB ifunguliwe ndani ya chumba. Kituo kisicho na chumba kina stoo, kina ofisi ya mkuu wa kituo, kina mti wa uani. Faragha inapatikana ikitafutwa.

Kisha hospitali, kabla ya maelezo marefu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zile watu wanaita PEP, lazima zianze ndani ya saa 72 tangu tukio, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Zinamezwa siku 28 bila kuruka. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inafaa hadi saa 120. Askari anayemweka msichana benchi saa nne akimwandika maelezo ya kurasa sita, halafu ndipo ampe PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, amemnyang'anya saa nne za kinga. Mpe fomu, mpeleke, na kama gari la kituo halipo mtafutie bodaboda au bajaji mwende naye. Pale penye kituo cha Mkono kwa Mkono mambo ni mepesi, kwa kuwa daktari, polisi na Ustawi wa Jamii wanapatikana chini ya paa moja. PF3 haiuzwi. Anayetoza hata shilingi mia anafanya kosa, na mwananchi anayesoma hapa ajue hivyo. Akiwa ametangulia hospitali bila fomu, atibiwe kwanza, fomu itamfuata.

Kabla ya kuondoka kuelekea hospitali kuna swali moja la kuuliza: "Nguo ulizovaa ziko wapi?" Mara nyingi ziko kwenye beseni. Kama bado, mwambie asizifue wala asikung'ute, na akitaka kubadili avulie juu ya karatasi safi. Sasa hapa ndipo vielelezo vingi huharibika, kwa sababu kila nyumba ina mfuko wa plastiki na mama mwenye nia njema huitia nguo humo na kuifunga kwa fundo. Plastiki inahifadhi unyevu, unyevu unaleta ukungu na bakteria, na joto la Dar au Tanga linamaliza kazi kwa siku mbili. Vinasaba (DNA) vinaoza. Nguo yenye unyevu ianikwe ndani, kivulini, pasipo jua na pasipo watu kupitapita, juu ya karatasi. Ikikauka iingie bahasha ya kaki. Kila nguo na bahasha yake. Ukiichanganya chupi ya mhanga na shuka la mtuhumiwa kwenye bahasha moja, umempa utetezi zawadi, maana hakuna tena awezaye kusema kilichoonekana kilitoka wapi. Vaa glavu, na ubadilishe jozi kati ya nguo na nguo. Andika kwenye bahasha kabla ya kutia kitu: namba ya RB au jalada, kilichomo, kilipochukuliwa, tarehe, saa, jina na namba yako. Funga, weka lakiri, saini juu ya mahali ilipofungwa ili ikifunguliwa ionekane.

Toka hapo, kila mkono unaoishika bahasha unaandikwa. Wewe ulimkabidhi mtunza vielelezo saa ngapi, naye alimkabidhi nani kuipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, nani aliirudisha. Mlolongo ukikatika sehemu moja, hata ripoti nzuri ya maabara inaweza kutupwa. Siku moja isiyo na maelezo inatosha, ile ambayo kielelezo kililala kwenye droo ya meza ya mpelelezi kwa sababu mtunza stoo alikuwa likizo. Droo hiyo wakili ataiuliza.

Kuhusu PF3 yenyewe, mambo mawili. La kwanza, daktari anaandika alichokiona, na mara nyingi haoni jeraha. Mtu mzima anaweza kubakwa pasipo mchubuko wowote, na sheria yetu inasema kuingiza hata kidogo tu kunatosha. Askari asimwambie mhanga, "Daktari amesema huna kitu." Vilevile asiandike wala asiombe habari za bikira, Shirika la Afya Duniani pamoja na UN Women na Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa walitamka mwaka 2018 kwamba kipimo hicho hakina msingi wa kisayansi na kikomeshwe. La pili, fomu ni kielelezo kama nguo. Ikishapokelewa mahakamani ni lazima isomwe kwa sauti, na mshtakiwa ana haki ya kumtaka daktari aje aulizwe. Fomu nyingi zimeondolewa kwenye kumbukumbu za kesi kwenye rufaa kwa sababu hilo lilirukwa. Hilo ni la mwendesha mashtaka na hakimu, lakini askari ana sehemu yake: andika jina kamili la daktari, namba yake ya simu, na kituo chake cha kazi, sababu kesi ikifika baada ya mwaka atakuwa amehamishiwa Kigoma. Ushahidi wake wa mdomo unaweza kuiokoa kesi hata fomu ikianguka.

Tufike kwenye maelezo, ambako ningependa kila askari akae kwa muda mrefu kuliko anavyokaa. Maelezo ni sauti ya mhanga iliyowekwa kwenye karatasi, na miezi kumi baadaye atasimama kizimbani na kulinganishwa nayo neno kwa neno. Kwa hiyo andika maneno yake. Akisema "alinifanyia tabia mbaya," andika hivyo hivyo kwanza, halafu muulize kwa upole maana yake nini, na jibu lake nalo uliandike kama alivyolisema: alitoa nini, alikiweka wapi, alihisi nini. Mahakama ya Rufani imekubali mara kadhaa kwamba watu wetu hutumia lugha ya staha kwa viungo vya siri, lakini usimwachie hakimu kazi ya kukisia. Wala usiitafsiri staha hiyo kuwa lugha ya sheria. Mtoto wa miaka 8 ambaye kwenye maelezo "aliingiliwa kimwili bila ridhaa yake" hakusema hayo, na kila mtu kortini atajua ni maneno ya askari.

Saa inatuumiza kuliko tunavyokiri. Mhanga anasema saa mbili, askari anaandika 0200, hati ya mashtaka inasema usiku wa manane, na ushahidi unakuja kwamba ilikuwa baada ya chakula cha jioni. Andika kama alivyosema, pamoja na sehemu ya siku, halafu uoanishe: saa mbili usiku, yaani 2000. Saa moja ya asubuhi na saa moja ya jioni zipo mbali kiasi cha kumweka mtuhumiwa kazini au nyumbani. Tarehe nayo vivyo hivyo. Mtu wa kijijini hakumbuki tarehe 14, anakumbuka ilikuwa siku ya gulio, au mfungo umebaki siku tatu, au siku mtoto alirudi kupokea matokeo ya mtihani. Andika hicho alichokikumbuka, kisha utafute kalenda uthibitishe mnada ulikuwa lini. Ikishindikana, hati ya mashtaka iseme tarehe isiyofahamika kati ya mwezi fulani na fulani. Tarehe ya kubuni iliyoandikwa kwa kujiamini imewatoa wengi gerezani kwenye rufaa, pale hati iliposema hivi na shahidi akasema vile.

Kama tukio lilikuwa usiku, uliza taa. Tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani imeweka mambo ya kutazamwa shahidi anapodai kumtambua mtu gizani: alimwona kwa muda gani, umbali gani, mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, kulikuwa na kizuizi, na alikuwa akimfahamu kabla. "Nilimwona kwa taa" haitoshi. Ilikuwa koroboi, balbu ya sola, tochi ya simu? Iliwekwa wapi? Yeye alisimama upande gani? Pima kwa hatua chumbani humo humo, uchore ramani ya tukio. Na uliza alimtajia nani jina la mhusika kwanza, lini, kisha umwandike maelezo huyo mtu siku hiyo hiyo. Kumtaja mapema kunaliongezea jina hilo uzito.

Amechelewa kuripoti? Usimgombeze. Muulize sababu na uiandike, iwe alitishiwa kisu, iwe mhusika ndiye analipa ada ya shule, iwe bibi alimzuia. Kuchelewa kunakoelezwa hakuui kesi. Kuchelewa kulikokaa kimya ndani ya jalada kunaua. Askari ajue pia kwamba mahakama zetu zimesimama tangu 2006 kwenye msimamo kuwa ushahidi bora wa kosa la kujamiiana hutoka kwa mhanga mwenyewe, na sheria ya ushahidi inaruhusu kutia hatiani kwa ushahidi wake peke yake akiaminika. Hivyo lile jibu la "lete mashahidi walioona" halina pa kusimamia.

Kwa mtoto, mambo yanabadilika kidogo. Vua sare. Kaa chini ya urefu wa macho yake. Ahojiwe na mtu mmoja, mara moja, Afisa Ustawi wa Jamii akiwepo. Mtoto aliyesimulia kwa mwalimu, mwenyekiti wa mtaa, kaunta, nesi na mpelelezi, atakuwa na masimulizi matano yenye tofauti ndogo ndogo, na utetezi utayasoma yote. Swali liwe wazi: "Nieleze siku hiyo ilivyokuwa, tangu ulipotoka madrasa." Ukiuliza, "Baba mdogo alikushika hapa?" umempa jibu mwenyewe. Umri wake nao unahitaji ushahidi, kwa sababu ndio unaoamua kosa na adhabu: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, au mzazi mwenyewe. Ombeni kadi ya kliniki mapema. Huwa iko kijijini kwa bibi. Na tangu marekebisho ya 2016, mtoto wa umri mdogo anaweza kutoa ushahidi pasipo kiapo ila lazima kwanza aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Hukumu kadhaa zimeanguka kwa sababu ahadi hiyo haikuandikwa. Unaweza kumpeleka mtoto aione mahakama siku haina watu, umwonyeshe hakimu atakaa wapi, umwambie ataulizwa kama atasema ukweli. Usimfundishe la kusema. Mpaka huo ni mwembamba na askari makini haugusi.

Wavulana wanasahaulika. Kwa sheria ya Bara ubakaji ni kosa dhidi ya mwanamke au msichana. Mvulana aliyeingiliwa ni mhanga wa kulawitiwa, na kumlawiti mtoto wa chini ya miaka 18 adhabu yake ni kifungo cha maisha. Mama huja akisema mtoto anatembea vibaya, anagoma kwenda chooni, hataki tena kwenda twisheni. Ukitafuta tu dalili za msichana, hutaona kilicho mbele yako.

Halafu linakuja lile la kuyamaliza nyumbani, na hapa ndipo askari anapopimwa. Wazee wanakuja wakiwa wamevaa vizuri, wana heshima, wameshakubaliana: ng'ombe wawili, au laki tano na gharama za hospitali. Wanasema, "Afande, hawa ni ndugu, tusiivunje familia." Waheshimu, wape viti, lakini ubakaji na ulawiti si makosa ya kusuluhishwa. Kesi ikishafunguliwa ni ya Jamhuri; mlalamikaji hana mamlaka ya kuifuta, na kupokea malipo ili jinai ifichwe ni kosa jingine. Waeleze hivyo kwa lugha ya upole, na mazungumzo hayo uyaandike kwenye jalada, na majina. Askari anayetoka nje "kuzungumza kidogo" na wazee hao amekwisha. Mtoto akiolewa na aliyembaka, au akihamishiwa kwa shangazi mkoa mwingine bila taarifa, ujue ng'ombe wameshapita.

Usalama wake baada ya kuripoti ndio unaosahaulika zaidi. Mhusika akiwa baba au mjomba wa nyumba hiyo, anayestahili kuondoka ni yeye. Mhanga akilazimika kutoka, Ustawi wa Jamii watafute familia ya kuaminika au nyumba salama. Na mtuhumiwa akipata dhamana, mhanga aambiwe na askari kabla hajakutana naye dukani. Simu ya dakika moja. Mpe mwendesha mashtaka taarifa ya vitisho vyovyote mapema, aombe masharti ya kutomkaribia.

Kwa Tarime na wilaya jirani, kazi ina msimu. Ukeketaji hufanyika zaidi mwezi Desemba, hasa miaka inayogawanyika kwa mbili, na Dawati lisilojipanga kuanzia Septemba litakuwa linapokea wasichana usiku wakiwa wamekimbia peku. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliufanya ukeketaji wa wasichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa, kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Faini hiyo ni ndogo mno kwa sasa, na naona aibu kila ninapoiandika. Kinachosaidia ni kukaa na walimu, viongozi wa dini na wazee wa mila mapema, na kujua kambi zipi zitapokea wasichana na zina vitanda vingapi.

Kesi za makosa haya husikilizwa faraghani, lakini foleni ya korido haina faragha. Msubirishe mhanga mahali ambapo hatakutana na mshtakiwa wala ndugu zake. Mpigie siku tatu kabla ya tarehe na tena asubuhi yake; kesi nyingi huondolewa kwa sababu mashahidi hawakufika, na hawakufika kwa sababu hakuna aliyewaambia au nauli haikuwapo. Chukua namba za ndugu wawili zaidi ya yake. Ukipata uhamisho, usiache jalada juu ya meza. Mkutanishe mhanga na askari anayekupokea, ana kwa ana.

Kazi hii inachosha roho. Askari anayesikia habari za watoto kila siku huanza kukosa usingizi, au huanza kutosikia. La pili ni la hatari zaidi kwa mhanga. Wakuu wa vituo wawazungushe askari wao kabla hawajafikia hapo, na wasiwapangie lindo la usiku wale waliotoka kuandika maelezo ya mtoto.

Hukumu ikitoka, bado kuna mawili. Kwa ubakaji mahakama, pamoja na kifungo cha miaka 30 au cha maisha kama mtoto ni wa chini ya miaka 10, inatakiwa pia kuamuru fidia kwa mhanga, na kiasi kinategemea kilichoonyeshwa. Risiti za hospitali, nauli za kwenda kliniki, muhula wa shule uliopotea: viwe ndani ya jalada mapema. La pili ni rufaa. Mfungwa atakata rufaa, na anaweza kushinda na kurudi mtaani wakati mama wa mtoto bado anaamini miaka 30 haijaisha. Anayepaswa kumpigia ni askari wa Dawati. Kabla jalada halijakwenda masijala, jaza ukurasa wa mbele namba za familia, jina la mtaa na la mjumbe, na uzihakiki kwa kupiga.